Mkono Unaouliza

Mkindu hupenda maji. Huota mabondeni, kandokando ya vijito na penye chepechepe, na katika kisiwa cha Pemba, chenye vilima na mabonde kila upande, haukosekani. Mara nyingi mashina kadhaa membamba hutoka kwenye kitako kimoja, kila moja likijipinda kutafuta jua, na juu yake makuti yakatawanyika pande zote. Karibu na shina, majani ya kuti hugeuka kuwa miiba mirefu na migumu. Anayetaka ukindu hana budi kupitisha mkono katikati ya miiba hiyo. Ndiyo maana kazi ya kusuka huanzia bondeni, kwa mtu kusimama mbele ya mti na kuutazama kabla hajaugusa.

Bibi ninayemwelezea hapa amesuka tangu utotoni, kama walivyosuka mama yake na bibi yake. Mwanafunzi wake ni mtoto wa kaka yake, mwanamke wa makamo anayesomesha hisabati skuli ya sekondari. Kijiji kizima humwita Mwalimu, nami nitamwita hivyo. Alimwendea shangazi yake bila kuitwa, akamwambia kuwa hajui kusuka na anataka kujua. Nami niliruhusiwa kukaa pembeni nikitazama. Nilishuhudia mambo mawili yakienda pamoja: ufundi wa mkono uliokomaa, na ujinga wa mtu mzima ukipungua kidogo kidogo kwa sababu mwenyewe hakuuficha.

Bondeni Bibi hana haraka. Kuti lililokwisha kufunguka halichukui, kwa kuwa limekomaa na likikauka huvunjika. Kichipukizi kilichochomoza karibuni nacho hukiacha. Bado ni laini mno, na mti unakihitaji. Hutafuta kuti la katikati ambalo limekwisha kurefuka lakini majani yake bado yameshikana. Akilipata, hulishika kwa mkono wa kushoto na kulivuta taratibu kwanza, kupima limefikia wapi. Likimridhisha, kisu hupita mara moja. Hukata kuti moja katika shina, halafu huhamia shina jingine, maana mkindu unaonyang'anywa makuti yake yote machanga hudhoofika na msimu ujao hauna cha kutoa.

Siku ya kwanza Mwalimu alikata mengi kuliko shangazi yake. Alijaza mikono kwa muda mfupi, na alipoyaweka chini, zaidi ya nusu yalikuwa makuti yaliyokwisha kufunguka. Bibi hakumkaripia wala hakuyatupa. Aliyafunga ya Mwalimu fungu la pekee, akayafunga yake mwenyewe fungu la pili, wakarudi nyumbani nayo yote, na uani akayaanika upande kwa upande.

Kuanika nako kuna sheria zake. Majani hutenganishwa kutoka kwenye kuti, yakatandazwa juani bila kupandana, na kugeuzwa ili pande zote mbili zipate jua sawa. Kijani hufifia, ikaja rangi ya manjano hafifu, kisha weupe wa maziwa mazito. Jioni huingizwa ndani. Wingu likijikusanya mchana, mtu yeyote aliye karibu hukimbia kuyaokoa, kwani ukindu ulionyeshewa huota ukungu na kubaki na madoa meusi ambayo hata rangi haiyafichi. Wapemba wanaijua vizuri kazi hii ya kulinda kitu kisilowe. Katika nyua hizo hizo, karafuu zinapochumwa, huanikwa juu ya majamvi yaliyosukwa na mikono kama ya Bibi, na macho yale yale hutazama mawingu.

Ukindu ulipokauka, Bibi alimwita Mwalimu akae. Alimpa jani moja kutoka kila fungu, akamwambia ayakunje. Jani changa lilijikunja na kufunguka likiwa zima. Lile lililokomaa lilikatika kwa mlio mdogo. Mwalimu alikunja jingine, likakatika vilevile. Akachukua fungu lake lote, akaanza kuchambua mwenyewe, jani moja moja, yanayofaa huku na yasiyofaa kule. Hakuna aliyemwambia neno. Niliona hapo namna Bibi anavyofundisha: huacha kitu chenyewe kiseme, naye hukaa karibu ili swali likizuka pawe na wa kuulizwa.

Hatua inayofuata ni kuchana. Jani la ukindu lina kingo ngumu mbili na mwili mpana katikati. Bibi huchomeka ncha ya sindano karibu na ukingo, halafu huvuta jani huku sindano ikiwa imetulia, na ukingo hujitenga kwa urefu wote kama uzi. Uzi huo huitwa ung'ong'o, nao hautupwi. Huwekwa kando kwa ajili ya kushonea baadaye. Mwili uliobaki huchanwa tena kwa sindano ile ile, zikatoka chane, vipande virefu vyembamba vya upana mmoja. Usukaji mzima unategemea usawa huu. Uchane mmoja ukiwa mpana kuliko wenzake, ukili utavimba pale unapopita. Ukiwa mwembamba, utaacha tundu.

Kwa muda mrefu Mwalimu hakupewa kazi nyingine ila hii. Mwanzoni alikuja na rula. Bibi aliipokea, akaigeuzageuza, akamrudishia, akamwacha aitumie. Mwalimu alipima upana wa kila uchane kwenye kitako, akatia alama, akachana. Chane zake zilikuwa sawa kabisa pale alipopima, lakini kufika katikati zilikuwa zimepishana, maana jani la ukindu hupungua upana kuelekea nchani, na kila jani hupungua kwa namna yake. Rula ilisema kweli, lakini kweli ya mahali pamoja tu. Bibi hupima kwa kuulaza uchane juu ya ukucha wa kidole chake cha mwisho, na hupima njia nzima: kidole gumba kinatangulia mbele ya sindano, kinahisi jani linavyobadilika, na mkono unajirekebisha kabla ya kosa kutokea. Mwalimu alimtazama kwa makini, akaiweka rula mkobani, akaanza kukifunza kidole chake.

Si jambo dogo kwa mtu ambaye kutwa husahihisha madaftari ya wengine. Skuli, watoto husimama anapoingia darasani. Hapa alikaa chini, miguu ameinyoosha juu ya jamvi, akichana majani ambayo mengi yalirudi kwenye lundo la taka, huku watoto wa jirani wakipita na kuchungulia. Sikumwona akitoa udhuru. Jani lilipoharibika alilitazama kuona lilipoharibikia, akachukua jingine.

Baada ya kuchana huja rangi. Zamani wasusi walipata weusi kutokana na mizizi ya mdaa, wekundu kutokana na mbegu za mzingefuri, na umanjano kutokana na bizari ya manjano. Siku hizi rangi nyingi ni za unga wa dukani, ila kazi ya jikoni haikubadilika sana. Maji huchemshwa katika sufuria kuukuu iliyotengwa kwa kazi hiyo, rangi ikakorogwa hadi isibaki hata donge moja, ndipo chane zikaingizwa zikiwa zimefungwa mafungu. Bibi hulifunga kila fungu kwa ulegevu. Fungu likibanwa, rangi haiingii katikati, na chane zikifunguliwa zina pingili nyeupe pasipotakiwa. Hugeuza mafungu kwa kijiti, akatoa uchane mmoja na kuukwaruza kwa ukucha kuona kama rangi imeingia ndani au imekaa juu tu. Ikiwa bado, huurudisha. Zikiiva, huzisuuza kwa maji baridi mpaka maji yatoke safi, akazianika kivulini, kwa sababu jua kali huipausha rangi kabla haijatulia.

Kisha kusuka kwenyewe. Bibi husuka asubuhi mapema au alasiri jua likishapungua, na hulaza chane zake ndani ya kitambaa chenye unyevu. Ukindu mkavu mno hukatika kwenye kona, na uliolowa mno hunywea ukikauka na kuuacha ukili umelegea. Huutambua unyevu unaofaa kwa kuuzungusha uchane kidoleni. Ukizunguka bila kulalamika, umekuwa tayari.

Ukili aliokuwa akiusuka ulikuwa wa chane kumi na tatu. Saba hukaa upande mmoja na sita upande wa pili. Uchane wa nje kabisa wa upande wenye saba hukunjwa kuelekea ndani: hupanda juu ya wenzake wawili, huzama chini ya wawili, hupanda juu ya wawili, na kufika katikati. Hapo huhamia upande wa pili, ambao sasa ndio wenye saba. Uchane wa nje wa upande huo nao hukunjwa vilevile, mbili juu, mbili chini, mbili juu, ukavuka. Kulia, kushoto, kulia, kushoto. Kila mkunjo hujenga ukingo, na kila mvuko hujenga uti wa katikati ambao hushuka umenyooka hadi mwisho wa ukili. Uchane wa rangi ukiingizwa mahali pake hutembea mshazari kutoka ukingo hadi ukingo, na kwa kuwa safari yake haibadiliki, pambo hujirudia bila msusi kulichora popote.

Mikono ya Bibi haionekani kufanya haraka, lakini ukili hurefuka. Kidole gumba cha kushoto hubana pale kazi ilipofika, na vidole vya kulia huinua, hupitisha, hulaza. Baada ya kila mikunjo michache hukaza kidogo, kwa kuvuta uchane kufuata mwelekeo wake wenyewe. Uchane ukikaribia kwisha, huchukua mpya, akailaza ncha yake juu ya wa zamani, na zote mbili husafiri pamoja hatua kadhaa kabla ya ule wa zamani kuachwa nyuma. Vijincha vinavyobaki hujitokeza upande wa chini wa ukili, navyo hukatwa mwishoni. Anayepitisha kiganja juu hajui wapi uchane mmoja ulikwisha na mwingine ukaanza.

Mwalimu alivuta. Kila aanzaye huvuta, kwa kuwa mkono usiojua hutafuta uhakika katika nguvu. Ukili wake ulianza kwa upana mzuri, ukawa mwembamba, ukapanuka alipokumbuka kulegeza, ukawa mwembamba tena alipochoka. Bibi aliupokea, akaulaza gotini kando ya wake, akaonyesha kwa kidole mahali ulipoanza kupungua. "Fumua hadi hapa," alisema. Mwalimu akafumua. Nilitarajia kuona uso ukikunjamana. Badala yake alifumua polepole sana, akichungulia kila mkunjo ulivyokuwa umelala kabla ya kuutoa, na katika kufumua huko akaona alipokuwa akikosea: alikuwa akikaza ukingo wa kulia kuliko wa kushoto. Mkono wake wenye nguvu ulikuwa ukidhulumu mwingine. Alimwambia shangazi yake alichokiona. Bibi akaitikia kwa kichwa. "Mimi mama alinifumulisha hata nikadhani kufumua ndiyo kazi yenyewe," akasema.

Kuna msichana wa darasa la tano, mjukuu wa jirani, ambaye huja alasiri na ukili wake mdogo wa chane chache. Asubuhi humwamkia Mwalimu kwa shikamoo na kumpokea mkoba. Alasiri hukaa ubavuni pake wakisuka. Siku moja alimtazama kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Samahani, Mwalimu, umeruka moja." Mwalimu alisimamisha mikono. "Ahsante, mwanangu. Wapi?" Msichana akaweka kidole. Mwalimu akafumua mikunjo mitano, akapitisha uchane ulioachwa, akaendelea.

Nimelifikiria sana swali hilo fupi. Mtu akiambiwa amekosea, yapo mengi yanayomjia mdomoni: kwamba alikuwa na haraka, kwamba mwanga haukutosha, kwamba anayemsahihisha ni mtoto. Mwalimu aliuliza mahali. Aliyeuliza mahali amekwisha kukubali kosa, na sasa anashughulika na kulitoa. Muda ambao angeutumia kujitetea ameutumia kujifunza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga; mimi niliona kwamba namna ya kuuliza nayo ina uzito wake.

Siku nyingine swali lilitoka kwa Mwalimu na kumgeukia Bibi. Aliuliza kwa nini chane ni kumi na tatu. Kwa nini zisiwe kumi na mbili, hesabu iliyo rahisi kuigawa? Bibi alifikiri. "Sijui," alisema. "Ndivyo tulivyofunzwa. Hebu tutazame." Akachukua chane kumi na mbili, akaanza ukili mpya mbele ya mwanafunzi wake. Upande wa kushoto ulikwenda kama kawaida, mbili juu, mbili chini, mbili juu. Upande wa kulia ulibakiwa na chane tano za kuvukwa: mbili juu, mbili chini, halafu moja peke yake. Baada ya urefu wa shubiri moja, uti wa katikati ulikuwa umeegemea upande, na kingo mbili hazikufanana tena. Mwalimu akaliona jambo lenyewe katika lugha anayoijua: hesabu isiyogawanyika kwa mbili huuacha uchane mmoja uwe wa kusafiri, na kila ukivuka, pande mbili hubadilishana zamu kwa haki. Alimweleza shangazi yake. Bibi alisikiliza hadi mwisho, akahesabu kwa vidole, akacheka kwa furaha. Amesuka kwa chane kumi na tatu maisha yake yote, na siku hiyo alipata sababu yake kutoka kwa mtu aliyekuwa bado hajui kukaza ukingo.

Kukiri kwa Bibi ndiko kulikozaa elimu hiyo. Angeweza kujibu kwamba ndiyo mila, na heshima ya umri wake ingelifunga swali hapo hapo. Alisema hajui, mikono yake ikaenda kutafuta.

Ukili ukifika urefu wa kutosha hupimwa kwa pima, mikono miwili ikinyooshwa kutoka ncha ya vidole hadi ncha ya vidole, huku ukizungushwa kuwa robota. Vijincha vya chini hukatwa kwa kisu kikali kinacholazwa karibu na ukili lakini kisiuguse. Kisha ukili wote hupitishwa chini ya mgongo wa kisu, ukasuguliwa hadi ulale bapa. Hapo ndipo kasoro zote hudhihirika, maana ukili uliolazwa bapa hauna pa kuficha kitu.

Bibi alikuwa akitengeneza msala, mkeka wa kusalia wenye umbo la yai. Shazia, sindano kubwa ya chuma, hutungwa ung'ong'o uliolowekwa hadi ukalainika. Kipande cha mwanzo cha ukili hunyooshwa katikati ya msala utakaokuwa. Ukifika urefu uliokusudiwa hugeuzwa, ukarudi ubavuni mwake mwenyewe, ukageuka tena upande wa pili, na kuendelea kuzunguka. Sindano hupita ndani ya mikunjo ya pembeni ya mizunguko miwili iliyokaribiana, mkunjo wa huku na mkunjo wa kule, na uzi ukivutwa kwa kiasi, mikunjo huingiliana na mshono hupotea. Ukitazama kwa juu, huwezi kuona ulipopita uzi.

Ugumu wote uko kwenye kona. Pale ukili unapogeuka, ukingo wa nje una njia ndefu kuliko ukingo wa ndani. Msusi akishona huku akivuta ukili wa nje, msala huanza kunyanyuka pembeni, na akiendelea hivyo hupata ukuta badala ya sakafu. Vikapu hupatikana kwa njia hiyo hiyo, kwa kukusudia. Anayetaka msala lazima aulegeze ukili kwenye kona, na hapa usukaji wa mshazari humsaidia: chane zilizokwenda upande hukubali kunyooka kidogo kwenye ukingo wa nje na kujikusanya kidogo kwenye ukingo wa ndani. Bibi husukuma ukingo wa ndani kwa kidole gumba, robo ya mkunjo tu, akashona, akasukuma tena. Kila baada ya mishono michache huulaza msala chini na kuubonyeza kwa kiganja. Ukilala, huendelea. Ukiinuka hata kidogo, hurudi nyuma.

Mwalimu alikaa upande wa pili wa msala akimshikia robota na kumlegezea ukili kadiri ulivyohitajika. Katika moja ya kona nilimwona akisita, akitaka kusema na asiseme. Bibi aliuona uso wake. "Unaona nini, mwanangu?"

"Shangazi, naona kama umeruka mkunjo mmoja."

"Wapi?"

Mwalimu akaonyesha. Bibi alipitisha kidole juu ya mshono, akalihisi pengo ambalo jicho lake halikuliona, akaitoa sindano na kufumua hadi pale. Halafu akashona upya, kwa utulivu ule ule aliokuwa nao kabla. Msichana wa darasa la tano alikuwa ameketi karibu nao na aliyaona yote. Sidhani kama kuna somo ambalo mtoto huyo angeweza kulipata lenye thamani kuliko hilo: fundi wa kijiji kizima akifumua kazi yake kwa neno la mwanafunzi, na hadhi yake isipungue hata kidogo.

Msala ulipokaribia ukubwa wake, ukili wa Bibi ulikwisha, ukawa umebaki mzunguko mmoja. Alimwomba Mwalimu alete robota lake. Aliufungua ukili wake wote, akaupitisha polepole katikati ya kidole gumba na cha shahada, pima baada ya pima. Mwanzo wake ulikuwa bado unapungua na kupanuka, hapo alikata. Kilichobaki kilikuwa cha upana mmoja, uti umenyooka, kingo zimefanana. Bibi akakiunganisha na wake kwa kuzichomeka chane mpya katikati ya za zamani, akasuka hatua kadhaa kuzifunga, na kuendelea kushona. Mzunguko wa nje wa msala ule, ambao ndio hupokea misuguano ya kila aina, ulishonwa kwa ukili wa mwanafunzi. Mwisho akamalizia pindo kwa kukunja ncha chini na kuishona mara mbili. Mwalimu hakupewa sifa nyingine, wala sikumwona akiingojea.

Mikeka ya plastiki imejaa madukani, na bei yake ni nafuu. Sina ugomvi na anayeinunua. Lakini mkeka wa ukindu umebeba maisha ya watu wa mwambao kwa karne nyingi: hutandikwa kwenye arusi, hukaliwa kwenye maulidi, husaliwa, hulaliwa na wagonjwa, na watu hukaa juu yake wanapoomboleza. Maarifa yake hayakai ndani ya kitabu. Yamo kwenye ukucha wa kidole cha mwisho, kwenye gumba linaloitangulia sindano, kwenye kiganja kinachobonyeza kona kuuliza kama imelala. Kila kizazi huyaanza upya, kutoka kwenye kutojua kabisa, na hapana njia ya mkato. Ndiyo maana uhai wa ufundi huu unawahitaji mafundi hodari, na unawahitaji vilevile watu wazima wanaokubali kuwa wanagenzi, wakae chini, wachane majani ya kutupwa, wasahihishwe na watoto.

Nilidhani unyenyekevu ni tabia ya moyoni tu, kitu kisichopimika. Katika ua ule niliuona ukipimwa. Ulikuwamo katika upana wa ukili, ambao hupungua mkono unapolazimisha na hutulia mkono unaposikiliza. Ulikuwamo katika kona ya msala, ambayo huinuka mtu akiipeleka kwa mabavu na hulala akiifuata. Ukindu haujali cheo cha anayeushika, wala shahada zake, wala miaka yake. Humpa kila mtu jibu lile lile kwa kosa lile lile, na anayelipokea jibu hilo bila kinyongo husonga mbele. Nami naamini elimu yoyote, ya kusuka au ya hisabati, ya utabibu au ya uongozi, humfikia upesi zaidi mtu ambaye, akiambiwa amekosea, huuliza amekosea wapi na kuanza kufumua.